Mtafiti akibisha hodi, uliza kiti chako kiko wapi

Kama unaishi Milanzi, Katandala, Laela au Matai na una mtoto wa chini ya miaka mitano, yawezekana umewahi kutembelewa na mgeni mwenye kitambulisho shingoni, ubao wa kupimia urefu na kishikwambi cha kujazia majibu. Alimpima mtoto, akakuuliza jana alikula nini, akashukuru na kuaga.

Majibu yanayokusanywa hivyo nyumba kwa nyumba ndiyo yaliyoijulisha nchi ukubwa wa tatizo. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Kwa Mkoa wa Rukwa ilikuwa asilimia 49.8, yaani karibu mtoto mmoja katika kila wawili. Iringa na Njombe pekee ndizo zilizokuwa juu yake. Katika utafiti wa aina hiyo wa mwaka 2015-16, Rukwa ilikuwa na asilimia 56.

Udumavu ni hali ya mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kutokana na kukosa lishe ya kutosha kwa muda mrefu, kuugua mara kwa mara, au vyote viwili. Hauonekani kwa haraka kama utapiamlo mkali wa mtoto aliyekonda au kuvimba miguu, na ndiyo maana wazazi wengi husema, "Huyu katoka kwa babu yake, ni mfupi tu." Madhara yake makubwa hutokea katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kufikisha miaka miwili, na hugusa pia ukuaji wa ubongo.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba Rukwa ni ghala la chakula. Mahindi ya Ufipa yanapakiwa kwenye malori kwenda kulisha mikoa mingine. Maharage yapo, ulezi upo, karanga zipo, na dagaa na migebuka wanatoka Ziwa Tanganyika. Ghala limejaa, mtoto amedumaa. Kwa nini?

Hapo ndipo takwimu peke yake zinapoishia. Zinatuambia ni watoto wangapi. Sababu za hapa kwetu zinahitaji mtu mwingine katika meza ya utafiti, na mtu huyo ni wewe mzazi.

Swali limetungwa na nani?

Chukua swali la kawaida la dodoso la lishe: "Je, jana mtoto alikula yai, nyama, samaki au maziwa?" Mama anajibu hapana. Akitokea mchambuzi aliyekaa mbali, ni rahisi kuhitimisha kuwa mama hana elimu ya lishe, na dawa yake ni semina.

Sasa wape akina mama wa Milanzi nafasi ya kutunga maswali yao. Wanaweza kuuliza: msimu wa kupanda na palizi, mama anapotoka alfajiri na kurudi jioni, nani anabaki na mtoto na anampa uji mara ngapi? Mahindi yakiuzwa, nani anashika fedha? Mayai ya kuku wa nyumbani yanaliwa au yanauzwa ili kununua sabuni na daftari? Mama mjamzito anapunguziwa kazi, au anabeba kuni hadi wiki ya kujifungua?

Mtoto ni yuleyule, lakini majibu ya maswali haya yatapeleka fedha za mradi mahali pengine kabisa. Pengine kinachohitajika ni mahali pa kulelea watoto karibu na mashamba wakati wa kilimo, au mazungumzo na akina baba kuhusu mapato ya mavuno. Semina nyingine ya makundi ya chakula inaweza isiguse tatizo lenyewe.

Hiyo ndiyo maana ya utafiti shirikishi. Jamii inakaa na wataalamu tangu swali linapotungwa, inashiriki kuamua namna ya kukusanya majibu, na inakuwepo matokeo yanaposomwa. Siyo matakwa ya wanaharakati tu. Azimio la Helsinki, mwongozo wa maadili ambao Chama cha Madaktari Duniani kiliupitisha mwaka 1964, lilifanyiwa marekebisho Oktoba 2024. Toleo hilo jipya linataka washiriki na jamii zao washirikishwe kwa dhati kabla ya utafiti, wakati wa utafiti na baada yake.

Milanzi ina sababu yake ya kulielewa jambo hili. Masimulizi ya kale ya Wafipa, ambayo mtafiti Mwingereza Roy Willis aliyachunguza miaka ya 1960, yanaeleza kuwa mtawala wa Milanzi, Ntatakwa, alikwenda kuwinda akamwachia mkewe agizo kwamba wageni wakija wasipewe kiti cha mtawala. Wakaja wanawake kutoka mbali, na mwishowe wakakalia kiti hicho. Mtawala aliporudi, mamlaka juu ya nchi yalikuwa yameshahama. Milanzi ikabaki na heshima yake ya kimila.

Mtafiti hakuja kuchukua nchi, na wengi wao wana nia njema. Mkaribisheni. Lakini masimulizi yale yanakumbusha kuwa kumkarimu mgeni na kumwachia kiti chako ni mambo mawili tofauti.

Nani anasema kwa niaba yako?

Ushirikishwaji una ugumu wake, na ugumu wa kwanza ni uwakilishi. Kwa kawaida mtafiti akifika mtaani huanzia kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa. Hiyo ni sahihi, ni utaratibu wa nchi. Tatizo linaanza pale anapoishia hapohapo. Mwenyekiti akiitisha watu kumi, mara nyingi wanaokuja ni wale wanaokuja siku zote: wazee wa baraza, wajumbe na viongozi wa vikundi. Binti wa miaka 17 mwenye mtoto mgongoni hayumo. Mfugaji aliyehamia bonde la Ziwa Rukwa na familia yake hayumo. Mvuvi anayehama kambi hayumo, wala mama kiziwi, wala bibi anayelea wajukuu na anayejieleza vizuri kwa Kifipa kuliko kwa Kiswahili cha ofisini. Na huyo bibi ndiye anayempa mtoto uji kila siku.

Jijini Mwanza watafiti walikutana na suala hili miaka ya 2000. Walikuwa wakijiandaa kwa jaribio la jeli iliyotarajiwa kumkinga mwanamke dhidi ya Virusi vya Ukimwi. Walengwa walikuwa wanawake wanaofanya kazi kwenye baa, nyumba za wageni, migahawa na vilabu vya pombe, pamoja na mama lishe. Hawa si watu wanaokaa mstari wa mbele kwenye mikutano ya mtaa. Basi kata 10 za jiji ziligawanywa katika maeneo madogo 78, na wanawake wenyewe wakachagua wawakilishi wao kwa ngazi ya eneo na kata. Juu yake ikaundwa kamati ya ushauri ya jiji. Huko ndiko walikopeleka hofu zao, ikiwamo ile ambayo kila mzazi anaijua: damu yetu inapelekwa wapi?

Hofu hiyo isichekwe. Katika nchi ambayo hadithi za mumiani zimesimuliwa kwa vizazi, mtu anayechukua damu na kuondoka nayo bila kurudi na maelezo anaziongezea nguvu hadithi hizo yeye mwenyewe. Ikitolewa hadharani na kujibiwa, hofu hupungua. Ikinyamaziwa, wazazi watafunga milango hata siku ya chanjo.

Jaribio la Mwanza lilikuwa sehemu ya utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi kadhaa za Afrika, na matokeo yaliyotangazwa Desemba 2009 yalionyesha kuwa jeli ile haikukinga. Hilo nalo ni somo. Kushirikisha jamii hakuhakikishi kwamba dawa itafanya kazi. Kunahakikisha kwamba waliojitolea wanajua walichojitolea, na wanaambiwa ukweli hata usipopendeza.

Mwakilishi akiwa katikati ya moto

Ugumu wa pili unaonekana Kilifi, pwani ya Kenya, ambako taasisi ya utafiti wa tiba ya nchi hiyo, KEMRI, inafanya kazi na shirika la Wellcome la Uingereza tangu mwaka 1989. Baada ya miaka mingi ya kufanya utafiti hospitalini na vijijini, kituo hicho kiliunda mtandao wa wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na majirani zao na kukutana na watafiti mara kwa mara. Ni mfano unaotajwa sana Afrika Mashariki.

Hata hivyo, tathmini zilizofanywa na watafiti wa kituo hichohicho zilionyesha kuwa mwakilishi hukaa mahali pagumu. Majirani wanamwona kama mtu wa kituo: wanamwomba ajira na matibabu, na mambo yakiharibika wanamlaumu yeye. Kituo nacho kinamtegemea awaeleweshe watu kuhusu utafiti. Asipoangaliwa, mwakilishi wa wananchi hugeuka mpiga debe wa mradi.

Hilo linaweza kutokea popote, hata Rukwa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayelipwa posho na mradi hawezi kwa urahisi kusimama kwenye kikao na kusema, "Akina mama hawapendi jambo hili." Kwa hiyo mnapochagua mwakilishi, mwulizeni mapema: posho yako inatoka wapi, na malalamiko yetu utayapeleka kwa nani?

Jambo jingine lililoonekana Kilifi linawahusu wagonjwa moja kwa moja. Mzazi aliyempeleka mtoto hospitali anaweza kudhani kila anachofanyiwa ni matibabu, kumbe sehemu yake ni utafiti. Matibabu yanafanyika kwa faida ya mtoto wako leo. Utafiti unatafuta jibu litakalosaidia watoto wengi baadaye, na huenda mtoto wako asipate faida yoyote ya papo hapo. Vyote viwili ni vyema, mradi uambiwe kipi ni kipi.

Walioachwa nje hubaki bila dawa

Wapo watakaosema, "Basi njia salama ni kukataa utafiti wote." Tuangalie gharama ya kukaa nje.

Dawa ya kichocho iitwayo praziquantel imetumika kwa miongo kadhaa na hutolewa kwa watoto shuleni. Lakini vidonge vyake ni vikubwa na vichungu, na havikutengenezwa kwa ajili ya mtoto mdogo. Matokeo yake, watoto ambao hawajafikia umri wa shule walibaki nje ya kampeni hizo, ingawa wale wa kando ya maziwa huogeshwa na kucheza katika maji yaleyale ambamo kaka na dada zao wanaambukizwa.

Ili kuziba pengo hilo, ilibidi watoto wadogo wenyewe wahusishwe katika utafiti, kwa ridhaa ya wazazi wao. Jaribio la mwisho la kidonge kinachoyeyuka katika maji, kwa watoto wa kuanzia miezi mitatu hadi miaka sita, lilifanyika Kenya na Ivory Coast. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kuikubali dawa hiyo Desemba 2023, na Shirika la Afya Duniani (WHO) likaiidhinisha kwa ubora Mei 2024. Wazazi waliokubali kule hawakufanya hivyo gizani, na uamuzi wao unaweza kumsaidia mtoto wa kando ya Ziwa Rukwa.

Sauti iliyobadilisha mjadala

Kwa wagonjwa wanaotumia dawa kila siku, mfano ulio karibu zaidi ni wa dolutegravir, ambayo ni sehemu ya kidonge cha TLD wanachotumia watu wengi wanaoishi na VVU hapa nchini. Mei 2018, utafiti kutoka Botswana ulitoa tahadhari kwamba dawa hiyo, ikitumiwa wakati mimba inatungwa, huenda ikaongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na matatizo kama mgongo wazi. Baadhi ya nchi zikaanza kuwawekea wanawake walio katika umri wa kuzaa masharti ya kuipata, au kuwanyima kabisa.

Julai mwaka huohuo, wanawake wanaoishi na VVU kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kigali, Rwanda. Hawakupuuza tahadhari ile. Walichosema ni kwamba wapewe taarifa zote, wapewe huduma ya uzazi wa mpango, kisha waachiwe kuamua wenyewe kama watu wazima, badala ya kufungiwa dawa bora kwa sababu tu wana uwezo wa kubeba mimba. Utafiti uliendelea, na kadiri taarifa zilivyoongezeka, hatari ilionekana kuwa ndogo sana kuliko ilivyodhaniwa mwanzo. Julai 2019 WHO ikapendekeza dawa hiyo kwa watu wote, wakiwamo wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Hivyo ndivyo inavyokuwa matokeo yanaposomwa na wanaohusika nayo. Na hapa ndipo tafiti nyingi zinapowaangusha wananchi. Mtoto anapimwa mwezi wa pili kwenye mvua, ripoti inazinduliwa hotelini katika jiji jingine, na mama aliyejibu maswali kwa saa nzima hasikii tena lolote. Mwaka unaofuata anakuja mtafiti mwingine na maswali yaleyale. Mama akikataa, anaandikwa kuwa hana mwamko.

Uliza haya kabla ya kuweka saini

Mtafiti akija nyumbani kwako, au ukiwa kliniki ukaombwa ushiriki, una haki ya kuuliza bila kuonekana mkorofi.

Kwanza, kibali. Utafiti wa afya unaohusisha watu unatakiwa uwe na kibali cha kamati ya maadili. Kamati ya taifa iko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Jaribio la dawa au chanjo linahitaji pia idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Omba uonyeshwe barua, na uulize kama ofisi ya kata ina taarifa.

Pili, je, haya ni matibabu au ni utafiti? Nikikataa, matibabu yangu au ya mwanangu yataendelea kama kawaida? Jibu la swali hili la mwisho lazima liwe ndiyo. Unaweza pia kujitoa katikati bila kutoa sababu.

Tatu, mtachukua nini? Kama ni damu, kiasi gani? Ukiambiwa mililita tano, hicho ni kijiko kimoja cha chai. Itapimwa wapi, itatunzwa kwa muda gani, na itatumika kwa utafiti mwingine? Kama itapelekwa nje ya nchi, kuna mkataba unaotakiwa kusainiwa kabla.

Nne, hatari ni ipi na faida ni ipi? Mtoto wangu akipata madhara nimpigie nani, na nani atalipia matibabu? Namba ya simu iandikwe kwenye fomu, na ubaki na nakala yako.

Tano, lugha. Kama hujaelewa fomu, usisaini. Omba usomewe na kuelezwa kwa lugha unayoielewa, Kifipa ikiwamo, mbele ya mtu unayemwamini. Mtoto mkubwa anayeweza kuelewa naye aelezwe na kuulizwa, hata kama mzazi umeshakubali.

Sita, fidia. Kurudishiwa nauli na muda uliopoteza ni haki. Lakini fedha ikiwa nyingi kiasi cha kukufanya ufumbie macho hatari, jiulize mara mbili.

Saba, matokeo mtatuletea lini na wapi? Swali hili liulizwe hadharani, kwenye mkutano, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.

Kwa upande wenu watafiti mnaosoma safu hii: Novemba na Desemba Ufipa iko shambani. Mkija na kikao cha saa nne asubuhi, mtakutana na wale wasiolima. Njooni jioni, au siku ya kliniki, au Siku ya Afya na Lishe ya mtaa, akina mama wakiwa wamekusanyika tayari. Tengeni fedha za kurudisha matokeo katika bajeti ya kwanza kabisa, msisubiri salio. Na mkiambiwa swali lenu halifai, lisikilizeni, kwa sababu anayewaambia ameishi na jibu lake.

Nawe mzazi, wakati tafiti zinaendelea, yale yanayojulikana tayari yasisubiri. Mpe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo. Baada ya hapo anza chakula cha nyongeza, uji uliochanganywa na karanga, maharage au dagaa, mboga na matunda, huku ukiendelea kumnyonyesha hadi miaka miwili au zaidi. Mama mjamzito awahi kliniki na apumzike. Mtoto apimwe urefu kliniki, pamoja na uzito, na umwombe mhudumu akueleze maana ya alama aliyoweka kwenye kadi.

Kisha, mkutano ujao wa mtaa ukifika, nyoosha mkono. Muulize mwenyekiti ni tafiti ngapi za afya zimepita hapa katika miaka mitatu iliyopita, na majibu yake yako wapi. Kama hakuna anayejua, hilo ndilo jambo la kwanza mtakalompa mtafiti atakayefuata akija kubisha hodi.